Kalamu ya Célestine: Maisha ya Onésime Zihindula, 1959–2025

Tunawashukuru nyote mliotoka Rågsved, Alby na Farsta, na ninyi mliotoka mbali zaidi, kuja kumsindikiza ndugu yetu leo Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Mtuvumilie kama tutasoma polepole. Marehemu hakupenda kuharakishwa alipokuwa hai, na hatuoni sababu ya kumharakisha leo.

Onésime Zihindula alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa mzee Mushagalusa na mama Nsimire. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alipitisha siku zake tumboni kwa sababu alikuwa bado anajitengeneza. Waliomfahamu ukubwani wanaliamini hilo bila shida.

Alisoma shule ya msingi palepale Walungu, kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akaenda sekondari Bukavu. Wenzake walipomaliza imla na kutoka nje kucheza, yeye alikuwa bado anapamba herufi ya kwanza ya sentensi ya kwanza. Alichapwa mara nyingi kwa kosa hilo na hakubadilika hata kidogo. Baba yake alipofariki mwaka 1975 aliacha shule, akaanza kutafuta riziki kwa mkono uleule uliomponza darasani.

Akawa fundi wa vibao. Maduka mengi ya dawa na mikahawa ya Bukavu ya miaka ile yalibeba herufi zake, nyekundu zenye kivuli cheusi, zimenyooka kama zimepigwa rula. Mwaka 1983 mama mmoja muuza vitenge alimwita amwandikie kibao cha duka. Jina lilikuwa fupi, lakini kazi ilikula wiki nzima, kwani binti wa mwenye duka, Célestine, ndiye aliyekuwa akimletea chai. Mama mkwe, Mungu amrehemu, aliishi akidai kwamba hajawahi kuona kibao kinachokunywa chai nyingi namna ile.

Walifunga ndoa ya serikali na ya kanisa siku moja, Jumamosi tarehe 11 Agosti 1984. Kwa ofisa wa ndoa, bibi harusi alipewa bic, kama tunavyoiita kalamu kule kwetu, ili atie sahihi. Ikavuja, wino ukamwagika mbele ya gauni jeupe, na picha zote za siku ile zinamwonyesha ameshika maua kifuani kama anayeficha jeraha. Onésime alimwambia mbele ya mashahidi kwamba siku moja atampa kalamu isiyomwaibisha. Célestine hakuisahau ahadi hiyo, na kwa miaka arobaini alimkumbusha, mara nyingi kwa kicheko, mara chache bila kicheko.

Vita vilipoingia Bukavu Oktoba 1996 walikimbia na watoto hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Huko walimzika Emery, mtoto wao wa pili, mwaka 1999. Onésime aliandika jina la mwanawe kwenye msalaba wa mbao, na baada ya hapo hakushika brashi kwa miaka mingi. Hakuwa mtu wa kueleza maumivu yake. Yalikuwa yakimkaa kifuani, nasi tulikuwa tukiyaona.

Walifika Stockholm Septemba 2005 na kupewa nyumba Rågsved. Onésime aliajiriwa hemtjänst, huduma ya kuwatunza wazee majumbani, na mwaka 2009 akapangiwa bibi mmoja wa Farsta aitwaye Setsuko, mjane wa Msweden, mzaliwa wa Japani. Bibi huyu alikuwa fundi wa kalamu za wino, zile ambazo mwili wake hupakwa utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka, kisha huchorwa kwa unga wa dhahabu. Mikono ya bibi ilikuwa imeanza kutetemeka. Siku moja alimwomba mtunzaji wake amshikie brashi, akaona jinsi alivyoishika, na tangu siku hiyo kila alipomaliza zamu Onésime alibaki kufundishwa.

Utomvu ule, ukiwa mbichi, hudhuru ngozi ya asiyeuzoea. Mwezi wa kwanza uso wa Onésime ulivimba, macho yakafumba. Kanisani Pasta Egide alitangaza mfungo, maana ilikuwa dhahiri kwamba ndugu yetu amerogwa. Uvimbe ukapungua wenyewe, kama bibi alivyokuwa amesema, na ushuhuda ukatolewa kwa shangwe. Onésime alisimama akashukuru pamoja na wote. Alipoulizwa baadaye kwa nini hakusema ukweli, alijibu kwamba watu walikuwa wamefunga na njaa yao ni ya kweli.

Bibi Setsuko alifariki mwaka 2016 akamwachia brashi zake na kabati lake. Kalamu za Onésime zilianza kutafutwa na wakusanyaji wa Hamburg, Osaka na Uppsala, nao walizipanga kwenye makabati ya vioo na hawakuzitia wino kamwe. Alijivunia, na pia ilimuuma. "Ni kama kununua ng'ombe," alisema, "halafu unamukataza kutoa maziwa." Kila kalamu iliyokamilika Célestine aliuliza kama ni yake, naye alijibu kwamba hiyo haijafikia, ya kwake inakuja.

Tarehe 12 Novemba 2024 aliambiwa ana saratani ya kongosho. Madaktari hawakumdanganya: dawa ya mishipani haitaponya, ila ingeweza kumwongezea miezi. Alipoambiwa kwamba ingemfisha ganzi vidoleni, aliuliza kama inaweza kungoja kidogo. Kalamu ya mke wake ilikuwa tayari imepakwa nyeusi na ilibaki kuchorwa: maua ya maharagwe ya Walungu, mvua ikiyanyeshea. Alisema ataimaliza kwanza, halafu ataanza dawa.

Nyumba ilichafuka. Binti yao Arielle, ambaye kazi yake ni kuuguza, alipiga magoti sebuleni. "Pappa, snälla," alimsihi kwa Kiswidi, yaani baba, tafadhali, naye akamshika kichwa. Célestine alisema yake kwa Kiswahili cha Bukavu. "Miye niko nataka bwana yangu, hapana bic." Onésime alimwomba wiki chache tu. Tulimwona ni mkaidi, na tunasema hivyo hata leo akiwa mbele yetu.

Basi Célestine akatafuta njia ya kuziharakisha hizo wiki. Kabati la bibi Setsuko lilikuwa limeletwa chumbani, limejaa vitambaa vilivyoloweshwa, naye alidhani ni vya kuzuia vumbi. Asubuhi moja ya Januari, mumewe akiwa amelala, aliitoa kalamu iliyokuwa imetoka kuchorwa dhahabu akailaza juu ya elementi, kile chuma cha joto chini ya dirisha, ambacho sote huku tunaanikia glovu na soksi. Alitaka ikauke upesi ili mtu wake aende hospitali.

Utomvu ule haukauki kwa joto la namna hiyo. Hukauka kwa unyevu tu, na ndiyo maana ya vile vitambaa. Jioni kalamu ilikuwa inanata, dhahabu imeteleza, maua hayatambuliki. Onésime alimweleza mkewe taratibu jinsi utomvu unavyokauka, akacheka kidogo na kusema kosa ni lake, kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumweleza. Kisha akaanza kuikwangua hadi kwenye weusi.

Alianza upya. Nguvu zilikuwa zimepungua, akawa anafanya kazi kidogo na kulala sana. Alimaliza tarehe 30 Aprili. Mei walikwenda hospitali pamoja, na daktari akasema kwa upole kwamba mwili hauwezi tena kuhimili dawa ile. Wakarudi kwa treni, Célestine amemshika mkono tangu walipopanda hadi Rågsved.

Onésime alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 2 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkewe na bintiye wakiwa kando yake.

Katika matanga yamesemwa mengi, na mengine yametufikia. Sisi ndugu zake wa damu tunajibu mbele ya jeneza lake: Célestine hakumuua mtu. Alimpenda mumewe kwa haraka, naye mumewe alimpenda polepole, na ugonjwa haukuwangoja wote wawili. Anayetaka kuendelea na maneno aje kwetu, amwache mjane.

Ameacha mjane Célestine, watoto Dieumerci wa Malmö na Arielle wa Alby, wajukuu wanne, na dada yake Josiane aliye Bukavu, ambaye hakupata viza ya kuja kuzika.

Wiki iliyopita mkusanyaji mmoja alituma rambirambi, akauliza pia kuhusu kalamu ya mwisho. Célestine ndiye aliyemjibu, na ameomba tusome hapa jibu lake jinsi alivyolitoa: "Bic iko muzuri, inapita zote alizotengeneza. Sitaiuzisha. Lakini kama Mungu anaitaka, aichukue leo, anirudishie Onésime hata mwezi moja tu, tukae."

Bwana ampe Onésime pumziko la amani, na ampe Célestine usingizi.