Bega la Kulia la Babu Brashi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuipaka rangi shule yetu, fundi tunayemwita Babu Brashi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Jumatatu inayofuata atafanyiwa upasuaji wa bega. Ndiyo maana furaha yetu ya kumuaga ina wasiwasi ndani yake.

Alianza na uzio, akapanda hadi dari za madarasa. Kila tuliporudi kutoka likizo tulikuta kuta zinanukia upya. Mwalimu wa hesabu aliwahi kukalia benchi bichi, akafundisha hadi mchana na mistari ya kijani mgongoni. Babu alimfuata na kitambaa chenye mafuta ya taa, akimwomba radhi na kumsifia suti kwa pumzi moja.

Mwaka jana tulimwona akipanda ngazi juu kuliko zamani, kichwa karibu kiguse dari. Tulidhani ni ujasiri. Kumbe mkono ulikuwa haupiti kifua, naye alikuwa akiupandisha mwili mzima ili brashi ifike. Mkewe, ambaye kwetu sisi ni Bibi, alipojua alimpeleka kwa daktari siku hiyohiyo.

Gegedu la bega, lile tabaka laini linalotenganisha mifupa, limelika, na sasa mifupa inasagana. Daktari alieleza njia tatu. Ya kwanza ni kusafisha kiungo kupitia matundu madogo: kidonda hupona upesi, lakini bega lililochakaa hivyo huenda lisipate nafuu. Ya pili ni kuweka kichwa bandia cha mfupa wa mkono na kikombe bandia kinachokipokea, mahali pa vile vya asili. Hiyo hutegemea kano zinazoshika bega, na zake zimechanika. Ya tatu hugeuza mpangilio: kichwa hukaa palipokuwa na kikombe, na msuli wa nje hubeba kazi ya kunyanyua mkono. Ila kiungo kinaweza kuteguka au kupata maambukizi, na mizigo mizito itabidi aisahau.

Walitusimulia wenyewe walivyobishana. Bibi alitaka ile ndogo. "Mzee, wewe na visu vikubwa wapi na wapi?"

Babu akasema anataka tu kuweza kujichana.

"Nywele zipi?"

Wakacheka mpaka Bibi akafuta machozi, na hayakuwa yote ya kicheko. Kisha akakubali ya tatu.

Hatujui mkono utafika wapi. Daktari naye hakuahidi. Babu, asante kwa kila ukuta. Tunakutakia mpasuaji mwenye mkono mtulivu kama wako, usingizi usiokatizwa na maumivu, na asubuhi utakayovaa shati peke yako, Bibi akiwa bado amelala.