Neno la Kumwanzia Binti

Usinikunjie pua. Nakuona. Umeshaanza kusema moyoni kwamba bibi kizee anatunga, kwamba hakuna wanaume wazima wanne wanaoweza kukaa sebuleni tangu mchana wakimgombania nyani, na huku mtoto wa mwenye nyumba anasubiri stendi. Wapo. Nimewamiminia kahawa kwa mkono huu. Kama huamini, kaa na kutoamini kwako, ila usinikatize.

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, mguu mmoja umeungwa kwa bati, na mahali pake ni ukutani chini ya dirisha langu. Siku hiyo mvua iliwachokoza, wakalinyanyua benchi na kuliingiza sebuleni kwangu likiwa linatiririka, kwenye sakafu niliyotoka kupiga deki. Waliokaa juu yake ni hawa. Fundi Bomba, anayeziba mabomba ya mtaa mzima na la kwake linavuja. Asilimia, dalali wa vyumba, viwanja na chochote kisicho chake. Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, ambaye alikaa karibu na mahakimu mpaka akadhani ni ugonjwa wa kuambukiza na kwamba ameshaupata. Na mume wangu, mwinjilisti, wanayemwita Kipaza kwa sababu ya spika lake la mikutano. Zamani walimwita Baba Mwalimu. Jina hilo lilikoma.

Lilikoma hivi. Binti yetu wa pekee anafundisha baiolojia sekondari. Baba yake naye alikuwa akisimama uwanjani jioni na spika, akiwathibitishia watu kwamba dunia ina Mwumbaji, na kwamba anayesema mtu alitokana na nyani amepotea njia. Alikuwa hodari, sisemi kwa kuwa ni mume wangu, maana mengine yake nayajua. Siku moja binti akasimama katikati ya watu, akasema kwa adabu: "Baba, sijasema Mungu hayupo. Nasema hakuwa na haraka." Watu wakacheka kidogo. Mzee akadhani wanamcheka yeye. Akaongeza sauti ya spika, akasema, "Mtoto wa nyani, kaa chini." Hapo ndipo walipocheka kweli. Kesho yake wanafunzi wakamwandikia ubaoni: Mwalimu Nyani. Akaomba uhamisho. Hajakanyaga tena kwetu.

Spika liko juu ya kabati, limefunikwa taulo. Watu wakiuliza mikutano imekwenda wapi, mzee anasema betri imekufa. Nimelijaribu mimi. Betri ni nzima.

Na mimi kila wiki nafua shuka la chumba cha nyuma ambalo halijalaliwa na mtu. Ni vumbi tu, usianze.

Asubuhi ya siku hiyo binti akanipigia. Amehamishwa tena, mbali kuliko kwanza, na atabadilisha basi kwenye stendi yetu. "Mama, basi likijaa linaondoka. Wewe najua utakuja, hata kwa kutambaa. Lakini leo usije. Namtaka baba. Nataka nione kama atakuja." Nikamfikishia baba yake maneno kama yalivyo, sikuongeza chumvi. Akapaka viatu rangi. Akavaa koti. Kisha akakaa, na koti lake, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Nitakwenda," akasema. "Kwanza nipate neno la kumwanzia."

Ndipo mvua ikaleta benchi. Naye, badala ya kuwapungia mkono akatoka, akawaeleza shida yake. Ukimweleza dalali shida, umeiuza.

— Mwanzie na simu, alisema Asilimia. Mwambie: mwanangu, zamani simu ilikuwa na vitufe, leo ni kioo kitupu. Je, ile ya vitufe ndiyo iliyoizaa hii? Umewahi kuiona na mimba?

— Simu zina kiwanda, alisema mume wangu.

— Hapo hapo! Na kiwanda kina mwenyewe! Umembana, kwisha habari.

— Ngoja, alisema Fundi Bomba. Kama mwili una fundi, basi mimi nina malalamiko. Tazama kooni. Hewa na chakula vimepitishwa mlango mmoja. Mimi nikimpitishia mteja maji safi na maji machafu bomba moja, si nitakimbizwa kwa mawe?

— Usimkosoe Mungu na kahawa yake iko mdomoni mwako, alisema Kifungu.

— Kahawa ni ya mama.

Hapo hapo ikampalia Fundi Bomba. Alikohoa mpaka Asilimia akampiga mgongoni kwa ngumi.

— Mmeona? alisema, machozi yanamtoka. Kazi mbovu hiyo!

— Adhabu hiyo, siyo kazi mbovu, alisema mume wangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso ukamchangamka. Ubishi ndio chakula chake. Mwulize jicho liliumbwaje, ataacha wali upoe.

Kifungu akasimama, akatwaa kitambaa changu cha meza, akajitanda kichwani. Mtu ana ndevu nyeupe hizo!

— Tufanye mazoezi, alisema. Mahakamani shahidi hapelekwi bila kufundwa. Mimi ni binti. Nimeshuka kwenye basi. Haya: shikamoo, baba.

Aliisema kwa sauti nyembamba ya kipumbavu. Mume wangu akafungua mdomo. Akaufunga.

— Itikia, mzee, alisema Asilimia.

Akafunga kifungo cha koti, akakifungua. Mvua ikasikika kwenye bati.

— Marahaba, alisema mwishowe, kama mtu anayetua gunia.

— Baba, alisema Kifungu, mimi mwenzako nimetoka kwa nyani.

Hapo mzee akapumua. Afadhali nyani kuliko ile shikamoo.

— Mwanangu, ukirusha matofali juu, yakishuka yatakuwa nyumba?

— Nikirusha mara nyingi je?

— Hata ukirusha mpaka mkono ung'oke! Palipo na mpango pana mwenye mpango. Na kila kilichoanza kina aliyekianzisha.

— Pingamizi, alisema binti mwenye ndevu. Siku ya kuumbwa, nani alikuwepo? Hakuna. Siku nyani anageuka mtu, nani alikuwepo? Hakuna. Shahidi hayupo huku, hayupo kule. Kesi imefutwa.

— Wewe ni binti au hakimu?

— Binti aliyesoma.

— Wahenga walishalimaliza hilo, alisema Asilimia. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hiyo mtoto wa nyani ni nyani, kwa hiyo mtu hawezi kuingia hapo hata kwa rushwa.

— Wahenga hao hao walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, alisema Fundi Bomba. Sasa fikirieni. Imeteleza miti yote, kaanguka, na hakufa. Kaamka hapo chini, kila mti akiugusa unateleza. Atafanya nini? Atatembea kwa miguu. Ndiyo sisi hawa.

— Na mkia?

— Ulikatika alipoanguka.

— Mali haipotei hivi hivi, alisema Asilimia. Kuna mtu aliuokota. Lakini mimi nina langu, na msimwambie mtu. Nyani ndio waliotokana na watu. Hao ni wapangaji. Kodi iliwashinda, wakahamia mitini. Na kuna wateja wangu wawili nawaona kabisa wanaelekea huko, mmoja kashaanza kuota manyoya masikioni.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mume wangu naye alicheka. Anacheka kwa kuanzia puani, kama pampu inayovuta hewa kabla ya maji, na yule mtoto amerithi cheko lile lile. Nilikuwa mlangoni mwa jiko na birika. Nilirudi ndani, nikachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Nilipotoka alikuwa ameacha kucheka.

— Ninyi mnacheka, alisema. Mimi nilimfundisha kutembea humu humu sebuleni. Nilikaa pale penye mlango nikamnyooshea mikono, akaachia mguu wa meza akaja. Alikuja kwangu, hakwenda kwa mwingine. Leo akisema babu zake ni nyani, mimi ni nani kwake?

Nikajibu mimi.

— Hajasema hivyo. Kasema Mungu hakuwa na haraka. Aliyesema nyani uwanjani ni wewe.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Kifungu.

— Shemeji, vua kitambaa changu.

Akavua.

— Mzee, nikasema, rangi ya viatu imeshakauka. Nenda.

— Naenda, Mama Mwalimu. Naenda sasa hivi. Ila akiniuliza ile mifupa? Ile inayochimbuliwa, wanayosema ni ya zamani mno? Sitaki nifike pale, mbele ya watu, nikose jibu.

Unasikia? Mbele ya watu. Mtu hajatoka mlangoni, ameshajaza uwanja kichwani mwake.

— Mifupa ni rahisi, alisema Asilimia. Udongo unazeesha. Zika kijiko leo, kichimbue mwakani, utaapa kilikuwa cha babu yako.

— Inategemea na unyevu, alisema Fundi Bomba.

— Inategemea na aliyezika, alisema Kifungu. Nia yake ilikuwa nini?

Wakaizamia mifupa. Mimi nikamimina, nikasimama, nikamimina. Tangu walipoingia nilikuwa nimelishika birika lile kama kamba ya mbuzi, na mbuzi ni mimi. Nilikatazwa kwenda, nami nikakubali, maana nilijua mtoto anataka nini. Mama yake hajampotea. Aliyempotea ni huyu mwenye koti. Nikajiambia, nikimwacha aende yeye, atarudi naye hata kama si leo, na shuka litalaliwa. Ndilo nililolitaka, hao wawili sebuleni kwangu wanabishana mpaka wali upoe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwanamume mgeni, mchuuzi wa miavuli, ameikumbatia kifuani, na mwenyewe amelowa chapachapa.

— Mama, naomba nijibanze kidogo.

— Una miavuli yote hiyo na umelowa? aliuliza Asilimia.

— Nikifungua mmoja, kaka, hautakuwa mpya tena.

Nikamkaribisha, nikamjazia kikombe cha mwisho. Birika likatoa tone, likakohoa, basi. Kahawa imekwisha. Yule mchuuzi akasikiliza mifupa, akasikiliza koo, akasikiliza wapangaji wa mitini, anageuza macho kwa huyu na kwa yule kama mtu aliyeingia msiba asioujua.

— Samahanini wazee, alisema. Huyo binti mnayemsema, yuko wapi?

— Stendi, alisema mume wangu. Ananisubiri mimi.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi. Nakwenda kumwona. Basi lake likijaa linaondoka.

— Kwani halijajaa?

Basi. Aliuliza hivyo tu, halafu akanywa kahawa yake.

Kifungu alitazama dari. Fundi Bomba alitazama ndani ya kikombe. Asilimia akajikuna shingo.

— Siku ya mvua watu hawasafiri, alisema. Kwa hesabu zangu bado nusu.

— Siku ya mvua ndiyo wanakimbilia ndani ya basi, alisema Fundi Bomba. Limeshajaa hilo mpaka mlangoni.

— Halijathibitishwa, alisema Kifungu. Inategemea na ukubwa wa basi.

— Na mizigo!

— Mizigo si abiria!

Wakaanza upya, na mwenye swali anawatazama mdomo wazi. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Vinang'aa hata ungeona uso wako humo. Midomo yake inacheza. Bado anapanga sentensi.

Nikaliweka birika chini, nikajitanda kanga ya pili, nikachomoa mwavuli mmoja kifuani kwa yule mchuuzi.

— Mama, huo...

— Atakulipa huyo mwenye koti.

— Unakwenda wapi? aliuliza mume wangu. Alisema usiende.

— Alisema. Na wewe alisema uje.

Akasimama. Kweli alisimama, mikono imemtoka mbele kidogo, kama anayetaka kupokea kitu na hajui kitatokea upande gani.

— Mama Mwalimu, ngoja. Ngoja kidogo, nimelipata. Nimelipata neno la kumwanzia.

— Kama ni neno lenye miguu, nikamwambia, litanikuta njiani.

Nikatoka, nikaufunga mlango.