Mama Futa na Mshono wa Kiti

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, mkuu wa chumba chetu cha nyuso atazima kompyuta yake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku sita ya utumishi. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi iliandika "takriban miaka thelathini", akawarudishia karatasi ikiwa na duara jekundu kwenye neno "takriban".

Kazi ya kuandika wasifu huu nimetupiwa mimi, fundi mkuu wa karakana ya kalibu, mtu niliyegombana naye kwa miaka kumi na tisa. Wale wanaompenda waziwazi walikataa, wakihofia atawasahihisha mbele ya wageni. Mimi nimeshasahihishwa mpaka ngozi imekuwa ngumu.

Kwa wageni wasiojua anachofanya: kila kitu cha plastiki tunachotengeneza hapa, kuanzia jagi mpaka kofia ya pikipiki, huanza kwenye kompyuta kama uso mtupu usio na unene. Uso huo hujengwa kwa vipande, na vipande huunganishwa. Hapo kwenye muungano ndipo penye kasheshe. Vipande viwili vinaweza kugusana vizuri kabisa, jicho likaridhika, na bado mkono ukapajua mahali vilipokutana. Kazi ya dada yetu huyu ni kuhakikisha mkono haupajui. Akimaliza, faili linakuja kwangu, nami nachonga kalibu ya chuma ya kumwagia plastiki. Chuma hakina huruma, jamani. Ukikipa kosa kinakurudishia kosa hilohilo mara elfu kumi.

Aliingia hapa akiwa mchoraji wa kalamu na rula. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake walisema ni mchezo wa kupita, ikafunikwa kitambaa kama mashine ya kushonea. Yeye akaifunua. Likizo yake yote ya mwaka ule aliimalizia kwenye kitabu cha maelekezo, na mumewe, mwalimu wa hesabu, akamfundisha hesabu za mikunjo kila Jumamosi kwenye meza ya jikoni. Shemeji yetu anasema hajapata kufundisha mwanafunzi mbishi kama yule, na kwamba alimwoa akijua.

Jina la Mama Futa alilipata kwa haki. Ukimpelekea uso wenye nukta arobaini za kuuvutia huku na kule, anautazama, anavua miwani, anasema, "Futa." Basi. Kwake yeye mkunjo mzuri unahitaji nukta chache na subira nyingi, na kila nukta ya ziada ni mahali pa kuotea kinundu. Tulianza kumwita hivyo kwa kificho, tukaja kuliona jina kwenye barua rasmi ya meneja. Meneja mwenyewe hakunusurika. Aliwahi kuchora mpini wa jagi, akauleta kifua mbele saa nne asubuhi. Saa tano akarudi kuuliza kama ipo nakala. Haikuwepo. Mpini mnaoushika leo mkimimina maji kwenye meza hizi ni wa Mama Futa.

Siku nyingine mgeni mmoja alimkuta ametumbulia macho skrini iliyojaa mistari myeusi na myeupe kama punda milia, akamtania kwamba anaangalia wanyama saa za kazi. Maskini, hakujua alichokianzisha. Alielezwa kwamba kompyuta humwaga mistari ile juu ya uso ili kuupima, na mstari ukikatika au ukipinda ghafla, uso nao umekatika hapo. Alielezwa tena kwa mfano wa pili, na wa tatu. Basi lake liliondoka bila yeye.

Na bado mistari haikumtosha. Kila sampuli ya kwanza ikitoka, sote tulioigusa kazi ile tulilazimika kunawa mikono kwa sabuni, kufumba macho na kupitisha kiganja juu yake. Jicho hudanganyika, yeye husema, lakini kiganja hakihongeki. Nilipolalamika kwamba mikono yangu ina sugu za miaka mingi, aliniletea kopo la mafuta ya mgando, akasimama palepale kuhakikisha nimepaka. Nilinuna wiki nzima. Lakini nilipaka.

Sasa nije kwenye kiti, maana bila kiti wasifu huu ni porojo.

Mwaka jana tuliombwa kutengeneza kiti cha magurudumu cha watoto, sehemu ya kukalia ikiwa kipande kimoja cha plastiki. Wengi wa watoto hao hukaa kutwa nzima, na miguu yao haina hisia. Kinundu cha unene wa ukucha kikikaa chini ya paja kinachimba kidonda kabla mtoto hajajua, na kabla mama yake hajaona. Mama Futa alikwenda hospitali mara tatu, akavikalia viti vya zamani mwenyewe saa nzima nzima, akarudi na daftari limejaa. Akaapa hastaafu kabla kiti hakijakamilika. Alikataa likizo, alikataa sherehe ya mapema, alimkataa hata shemeji alipomfuata kazini kwa miguu yake.

Faili likanifikia, nikachonga. Sampuli ilipotoka alikuwa kwenye kikao, nikanawa mikono na kufumba macho peke yangu. Nikauhisi. Chini ya paja la kushoto, ambapo vipande viwili vilikutana, palikuwa na kitu kama uzi uliosahaulika chini ya shuka. Nikapitisha kiganja mara tano nikimwomba Mungu iwe mikono yangu ndiyo imezeeka. Haikuwa mikono.

Niliogopa, nasema kweli. Kwa miaka kumi na tisa kosa lake lilikuwa halijafika kwenye chuma changu hata mara moja, na sasa zimebaki siku themanini aondoke. Nikasema moyoni, dada huyu aende na jina lake safi. Nikateremsha kalibu, nikachukua msasa na mafuta, nikapasugua pale siku mbili mpaka kiganja kikanyamaza. Nikatoa sampuli mpya, ya kwanza nikaivunja. Sikumwambia mtu. Nilijiona muungwana kweli kweli.

Hapo ndipo nilipokosea, na nakiri kwa maandishi. Nilirekebisha chuma, faili likabaki na mshono wake. Na faili hilohilo lilikuwa limeshatumwa kwa karakana nyingine iliyopewa kuchonga kalibu za viti vya saizi mbili kubwa zaidi. Kila kiti ambacho kingetoka kule kingetoka na uzi ule ndani yake.

Mama Futa ana tabia ya kupima sampuli na kuilinganisha na faili, hata kama wewe ni mwanawe. Vipimo vikakataa, kwa unene wa karatasi mbili, chini ya paja la kushoto. Akaja karakana, akapita katikati ya mashine, akasimama mbele yangu. Nilidhani atanigombeza kwa kuchonga ovyo.

Aliniuliza tu kama ni mimi niliyesugua. Nikajibu, ndiyo dada, nilitaka uondoke salama. "Mimi nitaondoka salama," akasema, "na mtoto je?"

Saa ileile alikwenda kwa meneja, mimi nikimfuata nyuma kama mshtakiwa. Akasema kosa ni lake. Akasema tena jambo ambalo hata mumewe alikuwa hajaambiwa: jicho lake la kulia lina mtoto wa jicho kwa mwaka mzima, mistari ya skrini imekuwa ukungu, na muungano ule aliupitisha kwa kukisia. Aliahirisha upasuaji ili asikiache kiti njiani. Mikono aliificha nyuma. Meneja akamwambia kwa upole kwamba amefanya vya kutosha, apumzike, wengine watamalizia. Akakataa katakata. Alitaka faili lizuiwe siku hiyo, kisha apewe ruhusa ya kwenda kutibiwa na kurudi. Simu ilipopigwa karakana ile, chuma kilikuwa kimeshafungwa kwenye mashine. Walikuwa wanasubiri mchongaji amalize chakula cha mchana.

Baada ya upasuaji daktari alimpa wiki tatu za kupumzika. Shemeji, kwa kuwa anamjua mkewe, alimfichia viatu vya kazini. Siku ya ishirini na mbili akaingia getini na ndala.

Akafungua faili la kiti. Akalifuta lote. Nilikuwepo, nikamsihi, dada, kilichoharibika ni muungano mmoja tu, ziba hapo tuendelee. Akaniambia kiraka juu ya kosa ni makosa mawili. Akaanza na mstari wa kwanza, siku zikihesabika, na ninyi wenzangu mlioketi naye chumba kimoja mnajua hakuinua kichwa ila kwa kuweka dawa ya jicho. Nami nikaitupa kalibu niliyoisugua, roho ikiniuma, nikachonga nyingine. Wiki iliyopita watu kumi na sita tulinawa mikono tukafumba macho. Hakuna aliyeuona mshono kwa kiganja.

Ndani ya faili kuna kisanduku cha maelezo ambamo siku zote huandikwa jina la idara. Safari hii ameandika jina lake kamili, na chini yake: toleo la kwanza lilikuwa na mshono chini ya paja la kushoto, kosa ni langu, atakayeukuta mshono mwingine asisugue chuma, arudi kwenye faili. Nilimbembeleza alitoe jina lake. Alinijibu kwamba wanaokuja watajifunza zaidi kwa kosa lenye mwenyewe.

Nilikuwa naandika shukrani za mwisho za ukurasa huu leo alasiri simu yangu ilipolia. Alikuwa Mama Futa, akipiga kutoka hospitali. Msichana wa miaka minane ameketi kwenye kiti kipya tangu asubuhi, na nesi amemaliza kumkagua ngozi. Hakuna alama. Alilisema mara mbili, hakuna alama, halafu nikamsikia analia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Mimi, mzee mwenye wajukuu, nikageukia ukuta. Nikamwambia, dada, rudi nyumbani, kazi imekwisha.

Kwa niaba ya karakana na vyumba vyote, asante sana. Mungu akupe uzima na macho ya kuwaona wajukuu wakikua, na shemeji naye ampe uvumilivu, maana sasa ni zamu yake.