Humam Alitupa Kwa Kweli

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Humam bin Sleyum wa Azaiba. Mchezaji wa mpira wa kikapu. Mlinzi, yule anayepandisha mpira na kuwagawia wenziwe. Amefariki Jumatatu kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Nianze na kasoro yake, maana mwenyewe hakuificha. Humam hakutabirika. Leo atatia mitupo sita mfululizo, wiki ijayo hata ubao haugusi.

Miaka minane nyuma, siku mbili kabla ya nusu fainali, mchezaji mwenzake, Yazid, alimwalika mishikaki. Akamwambia huku anatafuna: "Wewe kukosa ndiyo kawaida yako. Kosa na Ijumaa. Nani atajua? Wapo watakaokushukuru kwa fedha."

Humam aliiacha nyama sahanini. Dada yake, Kheiria, anakumbuka aliporudi nyumbani. "Kanawa mikono mara tatu. Namuuliza umeshika nini, ananambia, 'Nimekaa na uchafu, da Kheiria. Na kinyaa zaidi, kanichagua mimi kwa kuwa sijui kutupa.'"

Siku ile ile alimweleza kocha. Kocha akamwambia anyamaze, asiichafue klabu. Yazid akapangwa kama kawaida.

Ijumaa ikafika. Humam alitupa mara kumi na moja, kila mtupo kwa nia safi. Ikaingia miwili. Wakafungwa kwa pointi tatu. Wakitoka uwanjani, Yazid akamgonga bega mbele ya mashabiki. "Ahsante, yakhe," akasema. Watu wakasikia.

Misimu miwili akizomewa. Muuzaji mechi, walimwita. Kocha anasikia, kocha kimya.

Humam hakuhama. Kila asubuhi kabla ya kazi alikwenda kiwanja cha Mabela, Kheiria akimwokotea mipira. Mkono wake haukutulia kabisa hata mwisho. Lakini alikomaa. Akajua lini atupe, lini atoe pasi, lini apunguze kasi. Akiwa na thelathini na moja, wenziwe wakamchagua nahodha.

Jumanne, Yazid alibeba jeneza, analia kuliko wafiwa. Klabu ikachapisha picha kubwa: mwana wetu mwaminifu. Mimi nilikuwapo, wasikilizaji.

Kocha alipokuja kutoa pole, Kheiria alimkabili mlangoni. "Pole yako nnaisikia. Sasa sema alichokwambia ndugu yangu." Kocha akageuka, akaondoka. Jana tulimpigia simu, naye akaturuhusu kuyatangaza maneno haya: "Ni kweli. Alikuja kwangu kabla ya mechi. Nilinyamaza."

Basi narudia. Humam bin Sleyum hakuuza mechi. Aliombwa auze, akakataa, akasema. Hakuuza.

Tunampa pole Kheiria, na mjane wake Mahbuba, na jamaa wote wa Azaiba. Mola amlaze pema. Na wewe uliyekuwa jukwaani ukimwita muuzaji, kaa kidogo ujiulize ulikuwa unajua nini. Kisha nyumba yao unaijua. Matanga yanaendelea hadi kesho alasiri.