Mkono wa Kulia wa Kinanda

Bi Mistari anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya kuandika maneno ya nyimbo katika jumba letu la maigizo. Jina hilo alibandikwa na waimbaji, maana hakuna mstari aliouachia bila kuupigania. Mwenzake wa siku zote, mtunzi wa muziki tunayemwita Kinanda, aliajiriwa wiki moja na yeye. Wawili hao wametunga michezo ya kuimba kumi na mmoja.

Kazi yao waliifanyia stoo ya nyuma ya jukwaa, kwenye piano yenye mguu uliofungwa waya. Mimi, fundi wa mavazi, nilishona huku nikiwasikia wakibishana. Siku moja Kinanda alilalamika kwamba neno "shangazi" ni fupi mno kwa tuni yake. Bi Mistari hata macho hakuinua: "Basi fupisha tuni. Shangazi wa watu simrefushi mimi." Kinanda akafupisha, midomo ameibetua.

Zilibaki wiki tatu mchezo wa tisa ufunguliwe, Kinanda akapata kiharusi. Alipokuja kututazama, mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu. Alifunika piano akasema, "Tafuteni mtu mwingine. Mimi nimekwisha." Mkurugenzi akaahirisha mchezo, nasi tukakata tamaa.

Bi Mistari alikuwa na miaka hamsini na mmoja na hajawahi kupiga piano maishani. Kesho yake alikwenda nyumbani kwa dada yake Kinanda, alikokuwa akiuguzwa, akamwomba Kinanda amfundishe mkono mmoja tu, ule uliomgomea. Walijifunza kila asubuhi kwa miezi minane. Dada mtu anakiri kwamba wiki za mwanzo alikuwa akiziba masikio kwa mto.

Mchezo ulipofunguliwa waliketi benchi moja, Kinanda akipiga kwa kushoto, Bi Mistari kwa kulia. Katikati ya wimbo wa mama anayeaga wanawe, kidole cha Bi Mistari kikateleza. Kinanda hakumtazama, aligeuza mkono wake ukalifuata kosa lile, waimbaji wakafuata, na wimbo ukapanda mahali ambapo hakuna aliyeupanga ufike. Ukumbi mzima ulisimama. Asubuhi Kinanda aliliandika kosa lile kwenye karatasi za muziki. Wimbo unaimbwa hivyo hadi leo.

Michezo miwili iliyofuata waliitunga vivyo hivyo, kwa mikono miwili ya watu wawili.

Kinanda naye ameandika barua ya kuacha kazi, tarehe ileile. Jumamosi iliyopita mafundi wanane wa jukwaa waliihamishia piano sebuleni kwa Bi Mistari, na ilibidi mlango ung'olewe. Shemeji yetu, mumewe, alisaidia kubeba, kisha akauliza kwa upole kochi lake litakaa wapi.

Bi Mistari, asante kwa kila neno. Tunakuombea afya, miaka mingi ya ubishi mtamu, na majirani wenye subira.