Konsonanti Thelathini za Mwalimu Jeremiah Nyangau

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani na walimu wenzake, mimi ni Mokua, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nimeomba nisome hata sehemu ambayo baadhi yetu wangependa niiruke.

Mwalimu Jeremiah Nyangau alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, Suna, Migori, mtoto wa kwanza wa Mzee Ondieki na Mama Nyatichi, waliohamia hapa kutoka Kisii kuuza nafaka. Alisoma shule ya msingi na ya upili hapa Migori, mwaka 1989 akaenda Mysore, India, akarudi 1992 na shahada ya ualimu wa jiografia, pamoja na lugha ambayo hakuna aliyemtuma kuisoma, kwa sababu chumbani alikaa na Mtibeti aliyezaliwa katika makazi ya wakimbizi, wakafundishana, huyu Kiswahili, yule Kitibeti.

Alifundisha Ndhiwa kuanzia 1993 hadi 2010, kisha Migori. Alimwoa Eucabeth Bonareri tarehe 15 Desemba 1996, wakajaliwa Emmah, 1998, na Frankline, 2002.

Kila asubuhi kabla ya chai alishika kipande cha karatasi mbele ya midomo na kusoma konsonanti thelathini za Kitibeti, kila moja ikiwa na irabu a ndani yake: ka, karatasi imetulia, kha, pumzi inatoka na karatasi inatikisika, ga, kisha nga, inayotamkwa kama mwanzo wa ng'ombe. Alitueleza kwamba kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na kwamba silabi hutenganishwa kwa nukta. Nilimwita Mchina, naye akanijibu kwamba maandishi hayo yalitokana na ya India, nirudi darasani.

Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, saa moja asubuhi, aliamka hawezi kutaja jina la mkewe, Kiswahili kimekwenda, Ekegusii kimekwenda, Kiingereza kimekwenda, akawa anatamka konsonanti zile tu, zote thelathini kwa mpangilio, tena na tena, huku machozi yanamtoka. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, tukasema ameulalia. Bonareri alitaka gari la kwenda hospitali, akasema haya ni yale yale anayosoma kila asubuhi, nami nikamjibu kwamba kusoma huko ndiko mlango pepo alioingilia. Niliita watu wa maombi, nikachoma madaftari yake saba ya Kitibeti uani, yeye akitazama, na Emmah, anayefanya kazi Rusinga, nikamwambia kwa simu kwamba baba yake ana homa kidogo.

Emmah hakuridhika, akafika Jumapili saa tano asubuhi, akamsikiliza baba yake mara moja tu, akanigeukia.

"Baba mdogo, hizo ni herufi, alinifundisha nikiwa darasa la tatu. Ndizo pekee zilizombakia, na anazitumia kutuomba msaada."

Hospitalini, daktari alisema ni kiharusi, na kwamba mtu akipoteza maneno, yale aliyokariri kwa mpangilio huweza kubaki. Nilimuuliza kama kumleta Ijumaa kungeleta tofauti, akasema saa za kwanza ndizo zenye maana zaidi. Sisi tulikaa naye nyumbani saa hamsini na mbili. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka 57.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, walimu wa Ndhiwa na Migori, Jirani Abdinasir aliyetoa gari bila kuombwa, na ninyi mliokesha nasi. Bonareri amekubali nisome haya ili mtu wa kwenu akiamka hawezi kusema, mumpeleke hospitali kwanza, na mtu kama mimi akisimama mlangoni, mumsukume kando.

Kaka, pumzika kwa amani. Msamaha sikuombi leo mbele ya watu, pumzika kwanza.