Fundi Alisifu Pindo

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na bila mimi lingekuwa ubao tu. Shule niliiacha mapema, niliona inanichelewesha. Jana asubuhi tulikuwa watatu na birika la kahawa: mimi, Kinyozi, na Mstaafu, aliyekuwa karani miaka thelathini na bado anaongea kama anapiga mhuri. Fundi akatoka na futi shingoni, uso umemshuka; tukammiminia kikombe. Mkewe yuko kwa dada yake siku ya tatu.

— Nilimsifu tu, jamani. Tunakwenda harusini, katoka chumbani na gauni jipya. Nikamwambia, aisee, pindo limenyooka, kiuno kimekaa!

— Gauni alishona nani? akauliza Kinyozi.

— Mimi.

— Sasa hapo ulimsifu nani, kaka?

Fundi akajikuna kisogo.

— Kosa ni kumsifu uso kwa uso, akasema Mstaafu. Sifa hupitishwa. Unamwambia mama mkwe, naye anamfikishia.

— Na nakala kwa nani, mzee? nikamchokoza.

— Wazazi wa pande zote mbili.

— Wapi! Kinyozi akadakia. Mwanamke anasifiwa akiwa amekupa mgongo. Akishageuka, umechelewa.

— Nyie wote wanafunzi wangu, nikasema. Sifa ni wingi. Fundi, nenda ukaanzie kucha za miguu, upande mpaka utosini, usimeze hata mate. Mimi nilishamsifu mtu kutoka kituoni mpaka kwao, akasahau kuwa alikuwa anakwenda sokoni.

— Si yule aliyekuacha? akauliza Kinyozi.

Nikajimiminia kahawa.

Ndipo akatokea mdogo wa mkewe Fundi, na begi tupu.

— Shikamoo wazee. Shemeji, dada kanituma nguo zake zilizobaki.

Fundi akanywea. Binti akamtazama, akamwonea huruma.

— Hebu niambie, siku ile dada alikuwa amesuka vipi?

— Kiuno chake thelathini na mbili...

— Sijauliza kiuno.

Fundi akamgeukia Kinyozi. Kinyozi akachungulia kikombe chake. Mstaafu akakohoa. Mimi nikaipuliza kahawa iliyokwishapoa.

— Alishinda kwa msusi kutwa nzima, shemeji.

Fundi akavua futi, akaniwekea mapajani.

— Nguo ziache. Twende wote.

— Umeshapata la kumwambia? nikamuuliza.

— Bado. Nataka kwanza nimtazame.

Kahawa yake aliiacha haijaguswa. Niliimaliza mimi.